Mita Mbili za Marehemu Fundi Saa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Asubuhi kavu. Mteja mmoja tu, picha ya pasipoti, kafumba macho mara nne. Ya tano kafumbua moja. Kachukua hiyo.

Saa nne nikamwona Mwalimu akitoka ng'ambo ya barabara, kwa Miwani. Miwani ni mpinzani wangu. Ana studio kama yangu, kompyuta kama yangu, printa ndogo kuliko yangu, na jozi mbili za miwani, moja usoni na moja kichwani. Watu wanamwamini kwa sababu ya hizo miwani. Mimi naona vizuri tangu kuzaliwa na hakuna aliyewahi kunisifu.

Mwalimu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane wa yule fundi saa wa dukani pale kwenye kona, aliyefariki mwaka jana. Alikuwa anatembea mabega chini. Mteja anayetoka kwa Miwani mabega yakiwa chini ni mteja wangu. Nikatoka mbio, nikamkaribisha, nikamvutia kiti chenye miguu minne mizima.

Shida yake ni hii. Chama cha Mafundi Saa kimeamua kuupa ukumbi wao jina la marehemu. Shughuli ni Jumamosi. Wanataka picha yake kubwa ukutani. Lakini marehemu hakupenda kupigwa picha hata kidogo. Kamera ikitokea, yeye kainama anatafuta skrubu. Iliyobaki ni moja. Mtu alimpiga kwa mbali akiwa mlangoni mwa duka lake, kwa simu ya zamani, kisha ikatumwa simu kwa simu mpaka ikakonda. Nikaifungua. Kilobaiti kumi na tisa! Uso mzima wa marehemu unatosha juu ya punje ya hindi.

Miwani alikuwa amemwambia kwamba picha hiyo isizidi ukubwa wa kiganja, ikizidi hapo itaharibika. Nikacheka kwa nguvu, mlango ukiwa wazi, ili kicheko kivuke barabara. Nikamwambia Mwalimu: mita mbili.

Akasema yeye hajali mita. Anachotaka ni macho. Waliishi miaka thelathini na nne, hawakujaliwa mtoto, walikuwa wawili tu mezani. Sasa ameanza kusahau jinsi alivyokuwa anamtazama. Sauti bado anayo, mikono anayo, kikohozi anacho. Macho ndiyo yanamponyoka. Alisema hivyo bila kulia, kama anayesoma swali ubaoni.

Nikamwambia macho atayapata. Nikaandika kwenye stakabadhi: *Macho.*

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekuza picha. Mara ishirini. Marehemu amekuwa sakafu ya vigae.

Kila picha ya kompyuta imejengwa kwa pikseli, yaani vile vipande vidogo vya rangi. Ukiwa navyo vingi unakuza utakavyo. Ukiwa navyo vichache, kila kimoja kinavimba na kudai nafasi yake. Pua ya marehemu ni vipande vitatu. Mdomo ni kimoja, kirefu. Jicho la kushoto ni vipande vinne vyeusivyeusi. La kulia vinne pia. Ndiyo yote. Miaka thelathini na nne ya ndoa, pikseli nane.

Nikalainisha. Akawa mtu aliyesimama nyuma ya kioo chenye mvuke.

Nikanoa. Kunoa ni kuiamuru kompyuta ikaze kingo, ili panapoanza shavu paonekane panaanza shavu. Fundi mwenye akili hunoa kidogo, anaangalia, ananoa tena kidogo. Mimi nina haraka, nikasukuma kitufe mpaka mwisho. Mduara mweupe ukamzunguka kichwa chote. Marehemu akawaka kama taa ya barabarani.

Mke wangu akaleta chai, akaangalia kioo cha kompyuta, akauliza huyu amepatwa na nini. Mke wangu ni mshonaji, anakaa na cherehani yake chumba cha nyuma. Hana uelewa wa sanaa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata programu mpya, ile inayobuni yenyewe kisichokuwepo. Unaipa uso wenye ukungu, inakurudishia uso safi. Ajabu!

Imemrudisha marehemu akiwa na meno mengi mno na midomo iliyopakwa rangi. Sikio moja limegeuka kitufe cha shati. Nimejaribu mara sita. Mara ya sita amekuwa mwanamke mzuri sana, mwenye furaha, ambaye simjui.

Nikavuka barabara kumpeleleza Miwani. Nikajifanya nimekuja kuazima wino. Alikuwa anakata kadi kwa rula, polepole, ulimi nje. Bila kuulizwa akaniambia kwamba picha kubwa hutazamwa kwa mbali, kwa hiyo wakati mwingine ukungu si neno, mradi watu wasisogee. Lakini ile ya Mwalimu, akasema, hata ukiitazama kutoka mtaa wa pili haifai. Akanipa wino. Sikuwa nauhitaji, ikabidi nishukuru.

Njiani kurudi likanijia wazo. Karibu nigongwe na baiskeli.

Kama macho hayapo, macho yawekwe! Macho ni macho. Nitafute mtu mwenye kichwa cha umbo la marehemu, nimpige picha safi ya macho, niyapande pale palipo na vile vipande vinane. Pua na mdomo nitavichora mwenyewe kwa subira. Nyusi nina akiba.

Nikamwomba muuza nyama. Akauliza macho yangu unayapeleka wapi? Nikashindwa kumweleza vizuri. Kisu alikuwa nacho mkononi, nikaaga.

Nikamwomba mke wangu. Akasema macho yake yana kazi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimejitazama kwenye kioo. Kichwa cha marehemu na changu havijapishana sana. Paji pana, mashavu ya kuingia ndani. Na macho yangu, niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma, ni mazuri.

Mwanga bora wa nyumba hii uko bafuni. Dirisha dogo la juu linamwaga mwanga laini kuanzia saa nne. Nikasimamisha kamera ndani ya bafu, mimi nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, uso kwa kamera, nikafikiria mambo ya saa. Nikapiga arobaini. Mke wangu akagonga mara tatu kuuliza kama naumwa tumbo.

Ya thelathini na moja ndiyo yenyewe. Utulivu, huruma kidogo, uzee kidogo. Nikayakata macho, nikayapanda usoni kwa marehemu. Yakakubali! Yakakaa kama yaliyoagizwa. Nikanoa pua, nikanoa mdomo, nikanoa macho zaidi ya vyote kwa sababu ndiyo aliyoyataka. Nikayanoa mpaka kila ukope ukasimama peke yake.

Nikachapa. Mita mbili kwenda juu, moja kwenda pembeni. Kila jicho ukubwa wa kisahani cha chai.

Kazi ya fundi bingwa. Nimeitundika dukani, nimeiangalia, ikaniangalia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwalimu amekuja kuiona. Akasimama mbele yake muda mrefu, mkoba kifuani. Nikasubiri alie, wateja wa picha za marehemu hulia. Hakulia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hakukumbuka kuwa alikuwa na macho makubwa hivyo. Nikamwambia ni ukubwa wa picha. Akasema labda. Akasema ndivyo ilivyo, mtu unasahau. Akanishukuru mara mbili.

Miwani alikuwa amesimama mlangoni pake, miwani zote mbili usoni, moja juu ya nyingine. Nikampungia mkono.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shughuli ukumbini. Nimefika mapema kupanga mambo. Nimekumbuka ya Miwani, kwamba watu wasisogee, nikapanga mashada saba ya maua mbele ya picha, hatua sita kutoka ukutani. Mwenyekiti wa chama akanisifu kwa heshima niliyomwonyesha marehemu.

Hotuba. Nyingine. Saa zote za ukumbini zikagonga saa sita kwa pamoja, hotuba ikasimama kwa muda wake. Pazia likavutwa. Watu wakashusha pumzi! Mafundi wazima, wenye vidole vya kushika skrubu za saa za mkononi, wakapangusa macho. Mwenyekiti akasema huyu hapa, amerudi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikaangalia kama Miwani ameona. Ameona.

Kisha balaa.

Marehemu ana dada. Mtaa mzima wanamwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Redio akayavuka mashada yangu ya maua kama hayapo, akaisogelea picha mpaka pua ikagusa. Akageuka kuniangalia mimi, niliyekuwa nimesimama kando nikipokea pongezi. Akaigeukia picha. Akanigeukia. Akanishika kidevu, akanielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

Akauliza mama yangu anaitwa nani.

Nikamwambia. Akauliza nimezaliwa mwaka gani. Nikamwambia. Redio akakaa chini pale pale, juu ya shada la maua, akapiga kelele kwamba damu haifichiki, kaka yake kaacha mtoto!

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kisha minong'ono.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi. Lakini kusema kungekuwa kukiri mbele ya Miwani kwamba picha imenishinda. Nikajikaza kisabuni. Nikatabasamu kidogo, tabasamu lisilosema ndiyo wala hapana. Nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, anaangalia mkoba wake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Redio amekuja nyumbani na keki. Ananiita mwanangu. Amesema marehemu aliondoka mji huu miezi sita kwenda kujifunza saa za minara, na nilipozaliwa mimi ni mwaka uliofuata. Amehesabu kwa vidole mbele yangu, na vidole vikatosha.

Nikampigia mama simu. Nikamuuliza kwa adabu kama zamani alikuwa na saa iliyokuwa ikiharibika mara kwa mara. Akauliza saa gani, nyumba yetu haikuwahi kuwa na saa, tuliamshwa na kelele za jirani. Nikamuuliza kama aliwahi kufahamiana na fundi yeyote wa saa, kufahamiana tu. Akanyamaza. Kisha akanitukana kwa mpangilio, kuanzia utosini kushuka chini. Akasema nina macho ya baba yangu mtupu, yale yale ya kutafuta njia ya mkato, na nisirudie upuuzi huo. Akakata simu.

Nimeitafakari hiyo simu. Kuna pale aliponyamaza. Hakukataa *haraka*.

Najua vizuri kwamba macho nimeyaweka mimi. Ndoo naikumbuka. Lakini kichwa sikukiweka mimi, kichwa alikuwa nacho mwenyewe na kimefanana na changu. Hili watu wanalisahau.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Duka la marehemu liko kwenye kona. Limefungwa tangu afariki. Kioo chake cha mbele ni kipana kuliko studio yangu nzima, na linatazama barabara mbili. Mtu akipata kona ile, Miwani atabaki na rula yake.

Redio amesema, wala si mimi niliyelitaja, kwamba duka la baba ni la mtoto.

Nimepita pale mara tatu leo na futi ya kupimia ya mke wangu. Nilikuwa nanyoosha miguu. Mita nne na nusu, bila mlango.

Mke wangu amerudi kutoka sokoni amenuna. Wateja wake watatu wamemuuliza kama sasa atahamia kwa wakwe wapya. Ameniuliza kuna nini. Nikamwambia ni maneno ya watu. Ameniuliza tena, akiwa na pini mdomoni, na mke wangu akiwa na pini mdomoni huwa nachagua maneno. Nikamwambia inawezekana kwamba asili yangu ni pana kuliko tulivyodhani.

Ameshona suruali nzima bila kuinua kichwa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mwalimu alikuja saa tano. Nilidhani amekuja kugomba, nikajiandaa kwa uso mkavu. Hakugomba. Alikaa kwenye kile kiti kizuri. Amekonda kwa siku tatu, hata sauti.

Akasema hanilaumu mimi, mtoto hachagui pa kuzaliwa. Akasema hata marehemu yeye hamlaumu sana, maana hayupo kujitetea. Anachotaka ni kujua tu. Miaka thelathini na nne ameijumlisha upya usiku na mchana tangu Jumamosi, na hesabu haifungi. Kila safari ya marehemu ameirudia. Kila siku aliyochelewa kurudi. Kulikuwa na siku moja alirudi ana furaha bila sababu, naye wakati ule aliipenda ile furaha.

Akaomba ayaangalie macho yangu kwa karibu. Sikuweza kukataa. Akavua miwani yake, akaniangalia. Nilijitahidi nisipepese. Nje mtu alikuwa anafunga mlango wa chuma na haukufungika, akaufunga tena na tena.

Mwisho akasema hajui. Akasema angejua asingeleta picha kwangu. Na kwamba tatizo sasa ni jingine. Zamani akifumba macho alikuwa anaona ukungu, lakini ukungu wa mumewe. Sasa akifumba macho ananiona mimi.

Niandike hapa kama ilivyokuwa: ilinichoma. Nilijisikia mtu mbaya, na si kidogo. Nilifungua mdomo nimwambie kuhusu bafu, ndoo na picha ya thelathini na moja.

Nikamuuliza kama atakunywa soda.

Akasema hapana, asante. Akaondoka. Kiti kikabaki.

Kesho nitamwambia. Au niandike barua. Barua ni bora, inapanga mawazo. Nimeanza: *Mwalimu mpendwa, kuhusu suala la macho.* Hapo nimekwama. Nimepita tena kwenye kona kufikiria.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Asubuhi mke wangu alifunga cherehani, akavaa viatu vya kutokea, akasema anakwenda kumwona baba mkwe wake mpya. Nikamfuata nyuma hatua kumi. Ukumbini walikuwepo Mwenyekiti na mafundi wachache wakirekebisha saa ya ukutani, Redio aliyekuja kuwasimulia upya, na Mwalimu. Mwalimu alikuwa amekaa peke yake mbele ya picha. Nasikia huenda kila siku.

Mke wangu akaomba kiti. Akapanda juu yake. Akasogeza uso kwenye jicho la kushoto la marehemu, jinsi anavyokagua mshono wa mtu mwingine. Akahamia la kulia. Akarudi la kushoto. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba nina mteja, lakini miguu haikukumbuka.

Akauliza, kwa sauti ya kila siku, marehemu alikuwa anaoga wapi?

Mwenyekiti akaona ni utovu wa adabu, akataka kusema neno. Mke wangu akamwambia asogee aone mwenyewe. Mwenye jicho la kukagua skrubu atashindwa kuona bata?

Wakasogea wote. Mafundi saa wakatoa vile vioo vyao vya kukuzia, wakavibana jichoni. Sasa, nieleze jambo la kitaalamu. Mboni ya jicho ni kioo. Inaonyesha kilicho mbele yake. Na mbele yangu siku ile, ukutani nyuma ya kamera, lilikuwa limetundikwa taulo. Taulo la kijani alilolidarizi mke wangu kwa mkono wake, bata watano kwa mstari, wa mwisho anaangalia nyuma. Hakuna jingine duniani. Kwa ukubwa wa kawaida usingeona kitu. Kwa mita mbili, na kwa jinsi nilivyonoa, bata walikuwa wazi, watano jicho hili, watano lile. Yule wa mwisho hata mdomo wake ulionekana. Pembeni dirisha dogo. Chini miguu ya kamera, na ukingo wa bafu letu wenye ufa.

Fundi mmoja akahesabu bata kwa sauti.

Mke wangu akateremka kwenye kiti. Akamwambia Mwalimu, na hapa sauti ilibadilika, ikawa ya upole, kwamba mumewe hana mtoto wa nje, mumewe hana kosa lolote. Haya macho ni ya mume wake yeye mshonaji, yamepigwa bafuni kwake Alhamisi iliyopita, na yeye alidhani ni tumbo.

Nilisubiri Mwalimu apige kelele. Aliweka mikono usoni, mabega yakaanza kutikisika. Nikafikiri hatimaye analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Mwenyekiti akamshika asianguke. Kisha katikati ya kicheko ikawa kilio kweli, kisha tena kicheko, na mke wangu akamkumbatia, wote wawili wakageuza vichwa kuniangalia.

Redio alikuwa ameshatoka. Taarifa ya habari.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mtaani wananiita Bata. Hadi muuza nyama.

Mwalimu amekuja. Amesimama mbele ya meza yangu, akanitazama mpaka nikajikuta nimesimama na mikono nyuma. Akasema adhabu yangu ni moja. Nichukue faili la picha ya mumewe, ile halisi, nilipeleke ng'ambo kwa Miwani, kwa mikono yangu mwenyewe, mchana huu, na nikae nimwangalie anavyofanya kazi.

Nimevuka barabara ile. Hatua kumi na nne. Watu walikuwepo.

Miwani hakucheka. Afadhali angecheka. Akanipa kigoda. Akafungua picha, karibu hakuikuza kabisa. Akanoa kidogo, akaangalia, akapunguza. Akachapa karatasi ya majaribio, akaipeleka dirishani, akarudi, akagusa kitu kimoja, akachapa. Ukubwa wa kiganja. Akaikatia kadi nyeupe pana ya kuizunguka, ulimi nje. Kazi nzima dakika ishirini.

Niliiangalia. Mtu mdogo kwenye mlango mdogo. Macho ni nukta mbili tu. Ni vile vile vipande vinne na vinne, navijua kwa sura.

Mwalimu akaishika kwa mkono ulionyooka. Akavua miwani. Akaigeuza kwenye mwanga, kisha akasema: ndiye. Akasema ndivyo alivyokuwa akimtazama mteja anayeapa kwamba saa haikuanguka. Na alivyomtazama yeye mkewe, akiapa kwamba hajaongeza sukari kwenye chai. Akaicheka ile picha kama inavyochekwa picha ya mtu unayemjua. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka mkobani upande wa ndani.

Sielewi. Pikseli nane! Nilizihesabu mwenyewe. Mimi nilimpa kope moja moja.

Ile kubwa chama kimeniletea. Nimeigeuza, nimeitumia kuziba dari inapovuja. Mke wangu anakataa kulala chini yake.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mambo yanaanza kutulia. Siku tatu hizi nimejichunguza. Mtu akikosea lazima akae chini ajiulize alikosea wapi. Nimekaa, nimejiuliza, nimepata jibu.

Taulo.

Nimeliondoa. Sasa bafuni hakuna kitu ukutani, hata sabuni nimeihamisha. Nimefuta kioo. Ufa wa bafu nimeuziba.

Na bahati haikuchelewa! Leo asubuhi ameingia mfamasia wa barabara ya juu. Alitoka kwa Miwani, mabega chini. Anataka picha ya marehemu baba yake ichapwe ukuta mzima wa duka lake la dawa. Mita tatu. Picha yenyewe ndogo, na mzee alikuwa anakunywa chai, kikombe kimemfunika kuanzia mdomo kushuka. Macho yapo, safi kabisa. Kinachokosekana ni kidevu.

Nimelifikiria kwa kina kabla ya kukubali, sikukurupuka. Kidevu hakina mboni. Kidevu hakionyeshi kitu. Nimemwambia Ijumaa.

Mke wangu ameuliza kwa nini nimenyoa ndevu. Nimemwambia ni joto.